Barua ya wazi kuhusu ruzuku, uraia na wazee wa makambi ya mkonge Tanga

Kwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi. Mkuu wa Mkoa wa Tanga. Mkurugenzi Mtendaji wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF). Na wakurugenzi watendaji wa halmashauri za Muheza, Korogwe, Handeni, Pangani na Mkinga.

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kuomba jambo moja, ingawa maelezo yake yatakuwa marefu: swali la nani ni raia na nani si raia liondolewe kwenye mikutano ya vijiji inayochagua kaya maskini za kupewa ruzuku ya TASAF, na lirudi kwenye ofisi ambazo sheria imezipa kazi hiyo. Katika vijiji vinavyopakana na mashamba ya mkonge, kuanzia Muheza hadi Korogwe na Mombo, swali hilo limekuwa fimbo ya kuwaengua wazee ambao uchumi wa mkoa huu ulibebwa na migongo yao, na wanaoishika fimbo hiyo ni majirani zao, mara nyingi bila karatasi yoyote mkononi zaidi ya kumbukumbu ya ugomvi wa mpaka wa shamba.

Nimekuwa karani katika mashamba ya mkonge tangu yalipokuwa mali ya umma hadi yalipobinafsishwa mwaka 1998. Kazi yangu ilikuwa daftari. Kila aliyeingia kambini aliandikwa namba yake, jina lake na la baba yake, kabila, mahali alikotoka, tarehe ya kuanza kazi, kambi na chumba alichopewa. Madaftari ya zamani niliyoyarithi yalikuwa na miandiko ya makarani waliokwisha kufa, lakini majina yalisomeka vizuri, na watoto na wajukuu wa watu wale ndio waliokuwa wakija dirishani kwangu kuchukua mshahara. Kwa hiyo ninapomsikia kijana akisimama mkutanoni na kusema kwamba fulani si wa hapa, mara nyingi ninajua baba wa huyo fulani aliingia lini na alilala chumba kipi.

Nilihudhuria mkutano mmoja wa aina hiyo katika kijiji kilicho kando ya reli, ambacho sitakitaja. Jina la bibi mmoja, mjane aliyezaliwa kambini katikati ya miaka ya 1950, lilisomwa miongoni mwa kaya zilizopendekezwa. Kijana mmoja akanyoosha mkono. “Mwenyekiti, huyo bibi ni Mrundi. Fedha hizi ni za Watanzania.” Wachache walipiga makofi, wengi waliinamisha vichwa. Bibi alisimama, akafungua fundo la kanga yake na kutoa kipande cha marehemu baba yake, kadi ngumu iliyogeuka rangi ya chai, yenye visanduku thelathini vya siku za kazi, kila kimoja kikiwa na alama ya penseli ya karani. “Mwenyekiti, mwanangu,” alisema, “mimi hiyo Burundi siijui hata kwa kuota. Kitovu changu kimezikwa pale nyuma ya korona.” Korona ni mtambo wa shamba wa kuchakata mkonge. Afisa mtendaji aliigeuza ile kadi upande wa pili, akakuta hakuna kitu, akamrudishia na kumuuliza kama ana namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha Taifa. Hakuwa nayo. Jina lake likawekwa kando “mpaka uraia uthibitishwe”, na hakuna aliyemwambia uthibitishwe na nani, wapi, wala kwa tarehe ipi.

Sina ugomvi na yule kijana, na hata afisa mtendaji alikuwa mtu mwenye adabu. Lakini mkutano wa kijiji umepewa kazi tofauti kabisa. Katika Mpango wa TASAF wa Kunusuru Kaya Maskini, mkutano hutaja kaya ambazo wanakijiji wenyewe wanazijua kuwa ni za hali ya chini, kaya hizo hujaziwa dodoso, taarifa zake huchambuliwa, kisha orodha hurudishwa kwa wananchi ili waithibitishe. Utaratibu huo una busara yake, kwa sababu jirani anajua ni nyumba gani haikupika jana na ni paa gani linavuja. Sheria ya Uraia jirani haijui, na hata wanasheria waliosomea wanabishana juu yake.

Tuitazame basi sheria hiyo, kwa kuwa imetajwa sana na kusomwa kidogo. Tulipopata uhuru, aliyezaliwa Tanganyika kabla ya tarehe 9 Desemba 1961 alihesabiwa raia moja kwa moja iwapo angalau mzazi wake mmoja naye alikuwa amezaliwa Tanganyika. Wengine waliozaliwa hapa, lakini baba na mama wote walitoka nje, walitakiwa waombe kusajiliwa ndani ya muda uliowekwa. Yule bibi wa kanga yumo katika kundi hili la pili: wazazi wake wote wawili waliletwa kutoka Urundi. Mwaka 1961 alikuwa mtoto mdogo anayeokota kuni kambini, na baba yake, asiyejua kusoma, alikuwa akiamka gizani kwenda kukata mkonge. Katika makaratasi yote ya mashamba niliyoyashika sikuona tangazo hata moja lililobandikwa makambini kuwaeleza watu wale kwamba kulikuwa na mlango ulio wazi na kwamba ungefungwa. Mlango ulifungwa, na wao wakaendelea kukata mkonge, kulipa kodi ya kichwa, kupiga kura walipoitwa kupiga kura na kuchangia ujenzi wa shule walipoitwa kuchangia.

Habari ya watoto wao ni nyingine. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 kinasema kwamba kila aliyezaliwa katika Jamhuri ya Muungano tangu siku ya Muungano, yaani tarehe 26 Aprili 1964, anahesabiwa kuwa raia tangu alipozaliwa, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa humo, kama vile mtoto wa mwanadiplomasia wa kigeni. Mkata mkonge hakuwa mwanadiplomasia. Hata hivyo, katika utekelezaji, maofisa wa Serikali kwa miaka mingi wamekuwa wakidai kwamba mzazi mmoja lazima awe raia, na mtu akishindwa kuthibitisha uraia wa mzazi aliyezikwa miaka arobaini iliyopita, anaambiwa arudi alikotoka baba yake. Mheshimiwa Waziri, pengo hili kati ya maandishi ya sheria na mazoea ya ofisi halistahili kuachwa limalizwe na wanakijiji wanaogombea nafasi chache za ruzuku. Kama Serikali ina tafsiri yake, itoe mwongozo wa maandishi unaoweza kusomwa na kuhojiwa mahakamani. Kama maandishi ya sheria ndiyo yanayotawala, maofisa waambiwe.

Inafaa pia tukumbushane watu hawa walifikaje, kwa maana vijana wetu wengi wanadhani waliingia usiku kupitia njia za panya. Mkonge wenyewe uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na miche 62 iliyosalimika safarini ilipandwa Kikogwe, Pangani. Wenyeji wa Tanga, Wabondei, Wasambaa, Wazigua, Wadigo na Wasegeju, walikuwa na mashamba yao na hawakuwa na hamu ya kazi ile ya miiba kwa ujira ule. Hivyo wenye mashamba walitafuta watu mbali, na mwaka 1944 chama cha wakulima wa mkonge kilianzisha shirika la kuajiri lililojulikana kwa jina la SILABU, lililokusanya wanaume kutoka Songea, Njombe, Kigoma, Urundi na hata Msumbiji, likawapakia kwenye malori na treni na kuwaleta huku kwa mkataba. Waliitwa manamba. Wengi walirudi kwao mkataba ulipokwisha, na wengi walibaki, wakaoa au wakawaita wake zao, wakazaa. Mwaka 1964 nchi hii ilizalisha takribani tani 230,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, na hakuna nchi nyingine duniani iliyokuwa mbele yetu. Fedha za kigeni zilizoingia kwa zao hilo zilitumika nchi nzima, na wala hakuna aliyeuliza zilikatwa na mkono wa kabila gani.

Kisha bei ikaanguka kwa sababu ya kamba za plastiki, mashamba yakataifishwa mwaka 1967, mengi yakafa polepole, na watu wakabaki kwenye makambi yasiyo na kazi. Mfuko wa Akiba wa Wafanyakazi ulianzishwa mwaka 1964, na ndio uliokuja kuwa NSSF mwaka 1997, lakini vibarua wengi wa mkonge hawakuandikishwa, au waliandikishwa kwa majina yaliyokosewa tahajia kiasi kwamba hata mimi karani ningeshindwa kuyaoanisha. Kwa hiyo hawana pensheni. Wenzetu wa Zanzibar tangu mwaka 2016 wanamlipa pensheni jamii kila mzee aliyetimiza miaka 70. Huku Bara mzee wa mkonge tegemeo lake ni ruzuku ya TASAF, na ruzuku ndiyo hiyo inayomponyoka mkutanoni.

Tena jambo haliishii mkutanoni. Malipo mengi ya ruzuku sasa yamehamia kwenye simu na benki, na ninaelewa sababu: fedha taslimu zilikuwa zikipungua njiani. Lakini tangu Januari 2020 laini ya simu husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na asiye na namba hana laini yenye jina lake. Namfahamu mzee mmoja ambaye jina lake halikuenguliwa, akabaki kwenye orodha, lakini fedha zake huingia kwenye simu ya mtoto wa jirani, na kila dirisha la malipo linapofunguliwa “gharama ya kutoa” hupanda bila maelezo. Mjukuu wake amefaulu kidato cha sita na hawezi kuomba mkopo wa elimu ya juu, kwa kuwa Bodi ya Mikopo huwakopesha Watanzania tu na yeye hawezi kuthibitisha kwamba ni Mtanzania. Binti yake alitaka kujiunga na kikundi cha akinamama kinachoomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya halmashauri. Wenzake wakamwomba kwa upole ajitoe, wasije wakakosa wote. Vizazi vitatu katika nyumba moja vimekwama kwenye karatasi ile ile, na aliyezaliwa karibuni zaidi amezaliwa katika kituo cha afya cha Serikali na kadi yake ya kliniki ina muhuri wa Serikali.

Wanaotetea uchujaji huu wa mkutanoni husema kwamba wageni ndio wanaozimaliza fedha za maskini wetu. Hoja hiyo inapimika. TASAF ilipofanya uhakiki wa walengwa kati ya mwaka 2015 na 2017, kaya zaidi ya 73,000 ziliondolewa kwenye mpango, na jambo hilo lilisemwa hadharani na Rais Magufuli mwenyewe alipozindua awamu ya pili ya mpango Februari 2020. Sababu zilizotajwa zilikuwa kaya zisizo maskini, walengwa waliofariki, waliohama, wasiojitokeza, na wajumbe wa kamati na viongozi waliojiingiza wenyewe. Huo ni uvujaji wetu sisi wenyewe, wenye vitambulisho vyetu mfukoni. Anayetaka kulinda mfuko wa maskini aanze na mwenyekiti aliyeandikisha nyumba ya mke wake wa pili, kisha aje kwa mjane wa kambini.

Nadhani maneno haya mengine yametufikia kwa njia ya simu kutoka mbali. Vijana wetu wanatazama mabishano ya Uingereza na Marekani kuhusu wahamiaji na misaada ya Serikali, na wanayarudia hapa kama yalivyo. Lakini hata huko mambo hayako kama yanavyorushwa. Uingereza, wengi wanaoingia kwa viza ya kazi au masomo huwekewa sharti la kutogusa misaada ya umma, na juu ya hapo hutozwa ada ya huduma ya afya ambayo tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima asiye mwanafunzi. Marekani, sheria iliyotiwa saini na Rais Clinton Agosti 1996 inamtaka mhamiaji halali wa kawaida asubiri miaka mitano kabla ya kustahili misaada mingi ya serikali kuu. Mtu anaweza kuziunga mkono sheria hizo au kuzipinga. Mimi nyingine naziona kali mno. Angalau zimeandikwa, zina tarehe na zina mahali pa kukata rufaa. Na zinamhusu mtu aliyewasili akiwa mtu mzima, anayejua siku aliyoshuka kwenye ndege. Mjukuu wa manamba hakuwasili kutoka popote.

Nisieleweke vibaya. Sijasema kwamba mipaka haina maana, na ninajua Tanga ni njia. Kuanzia Horohoro, mpakani na Kenya, hadi bandari bubu za pwani yetu, na kwa wenzetu wa Bagamoyo pia, wasafirishaji haramu huwapitisha vijana wa Kihabeshi wanaoelekea Afrika Kusini, wakiwa wamejazwa kwenye malori mpaka wengine hufa njiani. Uhamiaji wana kazi kubwa na ya hatari, na wanastahili msaada wetu. Lakini anayepita kwenda Afrika Kusini hagombei ruzuku ya kijiji. Hajui hata jina la kijiji. Kuyachanganya makundi haya mawili kunawapa wasafirishaji nafasi ya kupumua na kunawapotezea maofisa muda wao kwa vikongwe. Tuliona pia mwaka 2013, katika Operesheni Kimbunga kule Kagera, Kigoma na Geita, jinsi zoezi lililokusudiwa kwa wahalifu wenye silaha na wahamiaji wasio na vibali lilivyowakumba watu walioishi nchini kwa miongo mingi, wengine wakitenganishwa na wake na watoto wao. Watu wa makambi ya Tanga walizisikia habari hizo redioni, na tangu hapo wengi hawathubutu hata kuikaribia ofisi ya Uhamiaji kuuliza namna ya kujiandikisha. Ofisi inasema hawaji, nao wanasema wakienda hawatarudi.

Ninajua pia kwamba fedha hazitoshi. Awamu ya pili ilipangwa kufikia zaidi ya kaya milioni moja na laki nne kwa bajeti ya takribani shilingi trilioni mbili, na bado kila kijiji kina maskini waliobaki nje. Mahali penye uchache lazima pawe na kuchagua. Ninachopinga ni kuchagua kwa kuangalia baba wa mtu alikotoka, wakati kipimo kilichowekwa ni umaskini wa kaya.

Tena nchi hii inajua namna ya kulimaliza jambo la aina hii kwa heshima, na haihitaji kufundishwa na mtu. Mwaka 1980 Mwalimu Nyerere aliamua wakimbizi wa Rwanda wapatao 36,000 wapewe uraia, na mwaka 1983 akatunukiwa Nishani ya Nansen, ambayo Umoja wa Mataifa huwapa wanaowasaidia wakimbizi. Mwaka 2014 Warundi waliokimbilia kwetu mwaka 1972, zaidi ya 162,000 kutoka makazi ya wakimbizi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, walikamilishiwa uraia wao kwa mkupuo.

Mfano ulio karibu zaidi uko ndani ya mkoa wetu. Katika karne ya kumi na tisa, wakati wa njaa kubwa ya Uzigua, watu wengi walichukuliwa pwani, wengine kwa hila na wengine kwa nguvu, wakauzwa utumwani Somalia, na wajukuu zao wakaishi kando ya Mto Juba kwa zaidi ya karne moja bila kuiacha lugha yao. Vita vilipowafukuza baada ya mwaka 1991, baadhi yao walirudi hapa, wakapokewa katika makazi ya wakimbizi ya Mkuyu, na mwaka 2003 karibu watu 3,000 wakaanza kuhamishiwa Chogo, Handeni, wakapewa ardhi na kufunguliwa njia ya uraia. Wazigua wa Handeni waliwapokea kwa kuwa walielewana kwa maneno. Nililifurahia jambo lile na bado ninalifurahia. Ila siwezi kuacha kuuliza: kama mtu ambaye babu wa babu yake aliondoka Tanga zaidi ya miaka 150 iliyopita amekubaliwa kuwa wa hapa, ni hoja gani tutampa mtu ambaye babu yake aliletwa Tanga kwa lori la mwajiri, na ambaye yeye na mama yake wamezaliwa hapa hapa?

Hata jirani zetu wa upande wa pili wa Horohoro wametutangulia. Wamakonde walioingia Kwale kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya miwa na mkonge walikaa miongo mingi bila vitambulisho, mpaka mwaka 2016 walipotembea kwa miguu kwenda Nairobi kuonana na Rais Kenyatta, naye akaamuru waandikishwe, nao wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Mwaka 2023 Serikali ya Kenya ikawatambua pia Wapemba waliohamia pwani yake, watu wenye asili ya kwetu. Tulishangilia wenzetu walipopewa vitambulisho ugenini. Na kwa kuwa Serikali yetu ilijadili kwa miaka mingi hadhi maalumu kwa Watanzania walioondoka na kuchukua uraia wa nchi nyingine, haitakuwa ajabu kuomba sehemu ndogo ya mawazo hayo ielekezwe kwa walioletwa na hawakuondoka.

Ombi langu kwa TASAF na wakurugenzi wa halmashauri ni waraka mfupi, wa ukurasa mmoja, utakaosomwa mwanzoni mwa kila mkutano wa utambuzi na uhakiki, ukieleza kwamba mkutano unajadili hali ya maisha ya kaya peke yake, kwamba mtu yeyote mwenye shaka ya uraia wa mwingine aipeleke kwa maandishi na kwa jina lake Uhamiaji, na kwamba jina la kaya haliondolewi wakati shaka hiyo ikichunguzwa. Sharti la kuandika jina la mlalamikaji peke yake litapunguza nusu ya malalamiko, nawahakikishia. Kaya ambayo mkuu wake hana namba ya NIDA ilipwe taslimu mbele ya mashahidi, kama ilivyokuwa zamani, mpaka atakapoipata.

Kwa Wizara na Uhamiaji, ombi ni kubwa kidogo. Timu ya maofisa wa Uhamiaji, NIDA na RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo) ije makambini kwa pamoja, kambi kwa kambi, kwa tarehe zinazotangazwa misikitini, makanisani na magulioni, na itangazwe mapema kwamba hakuna atakayekamatwa kwa sababu ya kujitokeza. Waliozaliwa baada ya Muungano waandikishwe kwa mujibu wa kifungu cha 5. Wale wa rika la yule bibi, ambao kwao njia iliyobaki ni tajnisi, yaani kuomba uraia kama mgeni, wameshatimiza sharti la ukaazi wa miaka saba ndani ya kumi mara nyingi zaidi ya inavyodaiwa, na Kiswahili chao hakina kasoro; kinachowashinda ni ada na safari za kwenda na kurudi. Waziri atafute namna ya kuwaondolea ada hiyo. Wengi wao hawatakuwa nasi kwa muda mrefu, kwa hiyo hasara ya Hazina itakuwa ndogo.

Na vielelezo vya makambini vikubaliwe. Afisa anapodai cheti cha kuzaliwa cha mtu aliyezaliwa chumba namba fulani cha kambi mwaka 1955, anadai kitu ambacho hakikuwahi kuandikwa. Kilichoandikwa ni daftari la shamba. Kipo kipande, ipo kadi ya kazi, ipo kadi ya Mfuko wa Akiba, yapo madaftari ya ubatizo ya misheni ya Magila na nyinginezo, ipo orodha ya wanafunzi katika shule za makambi. Ushahidi huu ni mzuri kuliko kiapo cha shahidi aliyelipwa nauli na chakula cha mchana, na baadhi yenu mnajua viapo vya namna hiyo vinavyopatikana.

Hapa kuna haraka, na ndiyo sababu nimeamua kuandika hadharani badala ya kusubiri miadi. Mashamba yamebadilisha mikono mara kadhaa, na madaftari hayo yako kwenye maghala yasiyo na mwenyewe. Katika ghala moja ninalolifahamu, paa limetoboka juu ya rafu za miaka ya 1940 na 1950, mchwa wamekula kuanzia chini, na walinzi wamekuwa wakichana kurasa za kuwashia moto. Bandari imepanuliwa, bomba la mafuta kutoka Hoima linaishia Chongoleani, wawekezaji wanarudi kwenye mkonge, na kila anayenunua jengo huanza kwa kulisafisha. Ninaomba Mkuu wa Mkoa atoe agizo kwamba hakuna daftari la wafanyakazi linaloharibiwa katika shamba lolote la mkoa huu, na kwamba yote yahamishiwe Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, au angalau kwenye chumba kikavu chenye kufuli hapa mjini. Bado tupo makarani tunaoweza kuisoma miandiko ile na kuonyesha familia ipi inatokana na namba ipi, na tuko tayari kuifanya kazi hiyo bila malipo, mradi tupewe meza na ruhusa ya maandishi.

Ninaomba majibu yenu yabandikwe kwenye mbao za matangazo za ofisi za vijiji kabla ya uhakiki ujao wa walengwa, kwa sababu wanaohusika hawasomi barua za mtandaoni. Wanasomewa.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Karani mstaafu wa mashamba ya mkonge,
Muheza, Tanga